Siku moja maishani mwangu: kufunga nyaya za PLC kwenye mashine ya maji

Saa 11 na nusu alfajiri niko kituoni Gongo la Mboto nasubiri daladala, begi mgongoni. Ndani kuna multimita, bisibisi ndogo za bapa, kisu cha kuchunia waya, plaizi ya kubania feruli (vijibomba vya chuma vya kuvalisha ncha za waya) na daftari. Daftari nalishikilia kuliko vyote, maana lina orodha ya kila waya wa mashine ya leo: namba yake, unakotoka na unakokwenda.

Kazi iko kwenye kiwanda cha maji ya chupa pembeni mwa Barabara ya Nyerere. Mashine ya kujaza na kufunga vifuniko imeendeshwa miaka mingi na safu za rilei, yaani swichi zinazovutwa kwa umeme, na jana tumezing'oa zote. Leo ni kuunganisha PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mashine kwa programu.

Saa 1 asubuhi nazima swichi kuu, napiga kufuli, ufunguo unaingia mfukoni mwangu. Halafu napima fezi zote tatu, nyaya zinazoleta umeme, kuhakikisha zimekufa. Hata kama nimezima mwenyewe, lazima nipime.

Mama anayeendesha mashine ameshafika, ingawa leo hakuna uzalishaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sasa nikwambie, lile jicho la chupa pale mwanzo wa mkanda linadanganya. Likirukiwa maji linasema kuna chupa, kumbe hakuna kitu. Vali inafunguka, maji yanamwagika bure."

Nikaandika. Jicho analosema ni sensa inayotambua chupa. Mchoro wa mashine ninao, kurasa kumi na kitu, na hakuna ukurasa unaosema hivyo. Tangu nianze kazi hii sijawahi kufungua paneli kabla ya kuzungumza na anayeiendesha mashine.

Kuanzia saa 2 ni nyaya tu. PLC yenyewe ni Siemens S7-1200 yenye inputi 14 (njia za kupokea ishara) na autputi 10 (njia za kutoa amri), inakula umeme wa DC wa volti 24. Inputi inauliza swali moja: umeme upo au haupo? Ikiona volti 15 kwenda juu inahesabu upo, 5 kushuka chini inahesabu haupo. Waya uliolegea unaweza kuiacha ikiyumba katikati, na hapo ndipo mashine inaanza vituko ambavyo fundi atavitafuta wiki nzima kwenye programu asivione.

Ndiyo maana kwenye feruli sina haraka. Nachuna milimita 8, nyuzi zote zinaingia bila hata mmoja kubaki nje, nabana, kisha nauvuta waya kwa nguvu. Kama ni wa kuchomoka, uchomokee mkononi mwangu mchana huu.

Kijana ninayemfundisha akaniuliza, "Dada, kwani lazima namba pande zote mbili? Si rangi zinatosha?" Nikamshikisha fungu zima la nyaya za bluu nikamwambia anitafutie wa sensa ya kifuniko. Akaziangalia, akacheka, akaanza kuvalisha namba. Mpaka saa 5 alikuwa ananikimbiza mimi.

Upande wa autputi hesabu ni nyingine. Transista za PLC hii, swichi zake za ndani zisizo na kontakti, hubeba nusu ampia kila moja. Koili ya vali ya hewa, yaani waya uliozungushwa unaoivuta vali ifunguke, ni wati 5, kwa volti 24 ni kama ampia 0.2, inabebeka. Ila koili ikizimwa hurudisha mshindo wa volti nyingi kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo kila koili naipa diodi yake, kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, mstari wake ukielekea upande wa chanya. PLC ina kinga yake ndani, lakini diodi ni ya bei ndogo na mimi naiweka. Kontakta, swichi kubwa ya mota ya mkanda, koili yake ni volti 230, hiyo haigusani na transista kabisa. Inapitia rilei ndogo ya katikati.

Saa 6 nikafunga kitufe chekundu cha dharura. Hapa nina msimamo. Kitufe hiki hakiombi ruhusa kwa programu. Nyaya zake mbili zinakwenda kwenye rilei ya usalama, na rilei hiyo ndiyo inayokata umeme wa autputi na wa kontakta. PLC inapewa taarifa tu. Na kontakti zake ni za kawaida kufungwa: umeme unapita muda wote, kitufe kikibonyezwa unakatika. Hata panya akitafuna waya, mashine inasimama.

Wali maharage kwa mama ntilie, dakika ishirini.

Saa 8 mchana nikawasha volti 24 peke yake, hewa ikiwa imefungwa. Hakuna programu bado, lakini taa za inputi huwaka hata bila programu. Kijana anasimama kwenye sensa, mimi niko mlangoni mwa paneli na daftari. Anaita namba, anaziba sensa, taa inawaka, naweka tiki. Namba zenyewe ni za inputi: I0.0. I0.1. I0.2.

I0.3 ikagoma.

Ndilo jicho la chupa, jipya, limenunuliwa wiki hii. Taa ya sensa yenyewe inawaka vizuri, ya PLC kimya. Nikapima waya mweusi wa ishara dhidi ya wa bluu, ambao ni sifuri: karibu sifuri. Mweusi dhidi ya kahawia, ambao ni chanya: volti 24. Basi nikajua, tumeuziwa sensa ya aina ya NPN. Hiyo huvuta waya wa ishara kwenda sifuri, na inputi zangu zote nimezifunga zisubiri chanya kutoka sensa ya PNP. Ningeweza kuweka rilei ya kugeuza, lakini kontakti inayogonga kila chupa inapopita itachoka mapema. Nikampa kijana sensa na nauli ya bodaboda, akaenda Kariakoo kubadilisha. Wakati anarudi nilikuwa nimemaliza inputi zilizobaki na nimechokoza autputi zote moja moja kutoka kwenye kompyuta.

Saa 11 jioni sensa mpya ikakaa. Nimeipandisha juu kidogo ya pale maji yanaporukia, na kuifunika kijibati. Nikamwita mama abonyeze kitufe chekundu yeye mwenyewe: rilei ya usalama ikakata umeme, tukasikia kontakta ikiachia. Nikachomoa waya mmoja wa kitufe, ikakata tena.

Akatikisa kichwa, akaenda kuchota maji kwenye kikombe, akayamwaga juu ya jicho. Sote watatu tukageukia paneli. I0.3 haikuwaka. Akachukua chupa tupu, akaisimamisha kwenye mkanda mbele ya jicho.

Ikawaka.

"Haya," akasema, "kesho saa ngapi?"