Kuku wa Mekatilili

Leo nimempeleka binti yangu Malindi kuiona sanamu ya Mekatilili wa Menza, mama shujaa wa Wagiriama wa pwani ya Kenya aliyewapinga wakoloni. Kabla sijafungua mdomo akauliza, "Mama, si ndiye wa kuku?" Ndiye! Nyanya alinisimulia: mwaka 1913 alimwendea Champion, afisa wa Waingereza aliyetaka vijana wa Kigiriama wakawafanyie kazi, na kuku mwenye vifaranga. Akamwambia achukue kimoja. Alipojaribu, kuku akamdonoa. Ndivyo Wagiriama wangewatetea vijana wao.

Waingereza wakamkamata Mekatilili, wakampeleka magharibi ya Kenya. Januari 1914 yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Mamia ya kilomita, porini, mama mtu mzima! Kila nikiliwaza machozi hunilenga.

Binti yangu alivua ndara, akazitazama nyayo zake kwa muda mrefu.