Zamu ya usiku Nairobi: si kila mwili unaweza kukesha

Saa tisa na robo usiku, mwezi wa Februari, nikiwa kazini katika kituo cha kuhudumia wateja kwa simu, niliandika neno "karabai" katikati ya anwani ya mteja aliyekuwa akizungumza nami kwa simu kutoka California. Sikujua kwamba nimeliandika. Macho yangu yalikuwa wazi, vidole vilikuwa juu ya kibodi, na nilikuwa nikimjibu yule mama kwa adabu kama tulivyofundishwa. Lakini nilipoirudia rekodi ya mteja yule dakika chache baadaye ili niifunge, nikakuta namba ya nyumba, kisha jina la barabara, kisha karabai, kisha jina la mji. Mikono ilinitetemeka. Karabai ni taa ambayo baba yangu huiwasha ndani ya mashua anapokwenda kuvua dagaa kutoka Sahare, Tanga, na kwa sekunde ambazo siwezi kuzihesabu nilikuwa nimelala na kuota nikiwa nimekaa wima kazini.

Watu wa nyumbani wanaponiuliza habari za ugeni, hutarajia niwaeleze baridi ya Julai, kodi ya nyumba, au Kiswahili cha hapa ambacho mlinzi huitwa soja na chai ya rangi huitwa turungi. Hayo yote niliyazoea mapema. Kilichonielemea ni usingizi, na zaidi ya usingizi wenyewe, namna watu wanavyopimana kwa uwezo wa kuukosa.

Nairobi iko mbele ya California kwa saa 11 wakati wa baridi kwao na kwa saa 10 wakati wa kiangazi chao, hivyo ofisi za huko zikifunguliwa asubuhi sisi huku tumeshakula chakula cha usiku. Zamu yangu ilianza saa mbili usiku na kuisha saa kumi alfajiri. Wamarekani wakisogeza saa zao mbele mwezi wa Machi, zamu nayo ilisogea, ikaanza saa moja jioni na kuisha saa tisa usiku, kisha Novemba ikarudi ilikotoka. Hapa hakuna anayegusa saa ya ukutani, lakini mara 2 kwa mwaka mwili wangu ulilazimika kujifunza upya wakati wa kulala, na kila mara ulichukua wiki kadhaa kukubali.

Ninaishi Pangani, mtaa ambao mama hupenda kuutaja kwa sababu jina lake ni lile lile la mji wetu wa Pangani ulioko kusini ya Tanga, na nyumba tunagawana watu watatu: mimi, dada mmoja muuguzi, na mdogo wake wa kiume ambaye ni kondakta wa matatu. Dada muuguzi akitoka zamu ya usiku hulala saa tatu asubuhi, huamka saa nane mchana, hufua, hupika, hupokea wageni, na jioni huvaa sare yake akaenda tena. Mimi nilikuwa nikijilaza alfajiri nisipate hata lepe la usingizi, nikajigeuza hadi saa tano asubuhi, nikalala mang'amung'amu, na saa nane nikaamka kichwa kizito kana kwamba nimepigwa. Kazini, kila nilipokosea, nililinganishwa na wengine. "Mwenzako ana watoto wawili na anaweza," msimamizi aliniambia siku moja mbele ya watu, "wewe usiye na mtoto unashindwa nini?"

Niliyaamini maneno hayo kwa muda mrefu. Nilidhani kwamba kukesha ni suala la moyo mgumu, kwamba anayesinzia amejiachia, na kwamba nikizidisha bidii nitafika alipo dada muuguzi. Aliyenitoa katika imani hiyo ni yeye mwenyewe, siku aliporudi na makaratasi ya mafunzo ya kazi yao, tukakaa jikoni akanifafanulia. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu 21 wenye afya njema walikesha kwa saa 36, si mara moja bali mara 3, kwa vipindi vilivyoachana. Aliyevurugika sana mara ya kwanza alivurugika sana mara ya pili na ya tatu, na aliyestahimili aliendelea kustahimili, hata pale ambapo wiki iliyotangulia alipewa muda mfupi wa kulala au muda mrefu. Tofauti ile ilikaa ndani ya mtu. Mimi huielewa kama kimo: hakuna anayemgombeza mtu mfupi kwa kushindwa kufikia rafu ya juu, ila anayesinzia hugombezwa kila siku.

Alinisomea pia habari za mama na binti yake huko Marekani ambao walilala takriban saa 6 tu kila usiku na kuamka wametosheka. Maabara ya Ying-Hui Fu, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko San Francisco, ilieleza mwaka 2009 kwamba wote wawili walikuwa na badiliko moja katika jeni iitwayo DEC2. Watu wa namna hiyo ni wachache sana, wakati wataalamu wanawashauri watu wazima walio wengi walale saa 7 au zaidi. Dada muuguzi alifikiri huenda yeye ni mmoja wa hao wachache, nami nikafikiri hivyo hivyo, hadi siku ya maziwa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, baada ya zamu yake ya nne mfululizo. Niliingia jikoni nikamkuta amesimama mbele ya jiko la gesi, mwiko mkononi, maziwa yamepanda yakamwagika yakazima moto, na harufu ya gesi imejaa chumba kizima. Kope zake zilikuwa zimeshuka nusu. Nilifunga gesi, nikafungua dirisha, nikamshika bega.

"Dada, umelala?"

Alinigeukia kwa mshangao wa kweli. "Sijalala," akasema, "naangalia maziwa yasimwagike."

Maziwa yalikuwa yakidondoka kwenye viatu vyake. Hakuwa akinidanganya, hakujua, kama mimi nisivyojua nilipoandika karabai. Ndipo nilipokumbuka ukurasa mmoja wa makaratasi yale tuliokuwa tumeupita haraka, unaohusu jaribio jingine la chuo kile kile, lililochapishwa mwaka 2003. Watu waliopewa saa 6 za kulala kila usiku kwa siku 14 walifikia mahali ambapo umakini wao ulikuwa umeshuka sawa na wa mtu aliyekesha, hata mikesha 2 mizima, lakini walipoulizwa wanajionaje, hawakuona kwamba wanazidi kuharibika. Siku za mwanzo walihisi uchovu. Baadaye waliuzoea uchovu, huku makosa yakiendelea kuongezeka. Kwa hiyo mtu anaposema "mimi nimezoea, saa 4 zinanitosha", huenda anasema kweli kuhusu anavyojihisi, na bado asijue lolote kuhusu mikono yake inafanya nini. Tangu siku ile sijamwonea dada muuguzi wivu. Ninamhofia, hasa ninapofikiria sindano anazozichoma saa kumi alfajiri.

Kaka kondakta ana dawa yake nyingine. Huamka saa kumi alfajiri ili gari liwe steji kabla ya abiria wa kwanza, na mara nyingi saa tatu usiku bado ananing'inia mlangoni akiita watu. Hizo ni saa 17. Watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha mwaka 1997 kwamba baada ya saa 17 za kukaa macho uwezo wa mtu hushuka kwa kiasi kinacholingana na cha mwenye asilimia 0.05 ya kileo katika damu, na baada ya saa 24 hali huwa mbaya zaidi. Dereva wa kaka huyu huamka saa ile ile. Abiria wakinusa pombe kinywani mwa dereva hupiga kelele wakashuka, lakini saa 17 hazina harufu.

Kinachowashikilia ni miraa. Kwetu Tanzania tunaiita mirungi na imepigwa marufuku, hivyo mara ya kwanza nilipoiona ikiuzwa barabarani Eastleigh, imefungwa kwa majani ya mgomba na kupangwa mezani kama mchicha, nilivuka upande wa pili kwa hofu ya polisi. Kaka hununua yake mbichi kila siku, kwa kuwa kathinoni, ile kemikali inayochangamsha, hufifia upesi jani likinyauka. Akitafuna huwa mwepesi wa maneno, anahesabu chenji haraka, hasikii njaa wala usingizi. Lakini miraa haimlipii deni lake la usingizi. Usiku wa Jumapili, siku yake ya mapumziko, hulala fofofo kama pono, na Jumatatu huwa mkali kwa kila mtu.

Nami siwezi kumlaumu, kwa sababu nilifanya vile vile kwa kahawa. Kadiri tunavyokaa macho, ubongo hukusanya adenosini, na hiyo ndiyo hutuletea uzito wa kope. Kahawa haiiondoi. Kafeini hukaa tu kwenye viti vya adenosini, ikaizuia isipokewe, na inapoondoka adenosini yote hukuta nafasi wazi. Kwa watu wengi nusu ya kafeini huwa bado iko mwilini baada ya saa 5 hivi, ingawa kuna wanaoimaliza haraka na wanaochelewa. Kikombe nilichokunywa saa saba usiku ili nisisinzie kazini ndicho kilichonikodolesha macho saa kumi na mbili asubuhi, na mimi nikailaumu honi ya matatu.

Si kwamba honi hazina lawama. Mchana wa Nairobi haukuumbiwa mtu wa kulala: kuna mafundi wanaochomelea milango, wachuuzi wenye vipaza sauti, na pampu ya kupandisha maji tangini. Anayemudu kukesha mara nyingi ni yule mwenye chumba cha nyuma, pazia zito na mtu wa kumwambia mtoto anyamaze, na hilo haliandikwi popote msimamizi anapolinganisha wafanyakazi.

Aliyenisaidia kwa vitendo ni mzee mlinzi wa ploti yetu, mtu wa Kitui, ambaye nilimzoea kwa kumwamkia "shikamoo" kila alfajiri, salamu ambayo hapa hawaitumii sana na ambayo yeye huijibu kwa furaha. Lindo lake ni la saa 12, na ameshika saa hizo hizo kwa miaka mingi. Niliingia chumbani kwake mara moja kumpelekea uji. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi la kijivu lililopigiliwa misumari pembe nne, na mlango umewekewa gunia chini ili mwanga usipenye. "Mwanangu, mimi silali ovyo," aliniambia. "Saa moja asubuhi niko hapa, siku ya kazi na siku isiyo ya kazi. Hata Krismasi."

Nilimsikiliza nikamkumbuka baba. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa sababu taa huvuta samaki vizuri baharini kukiwa kweusi. Mbalamwezi ikikomaa, hupumzika kwa siku kadhaa na kulala usiku kama watu wengine. Baada ya adhuhuri nyumba yetu yote ilinyamaza kwa ajili yake. Tulikatazwa kutwanga, kucheza rede uani, hata kufungua bomba kwa nguvu. Nilipokuwa mtoto nilidhani baba ni jabali asiyechoka. Sasa ninaona kwamba watu saba walikuwa wakimlindia usingizi wake, na kwamba mwezi wenyewe ulimpa likizo.

Nilitundika blanketi dirishani. Niliacha kahawa baada ya saa nne usiku. Nilipata saa 2 zaidi za kulala, ambazo ni nyingi, lakini mwili wangu bado ulikataa, na baada ya siku ya karabai nilikwenda kwa msimamizi nikamwambia waziwazi kwamba siwezi, na kwamba sitajifunza kuweza. Aliniuliza kama ninajua zamu ya wateja wa Uingereza, inayoanza saa sita mchana na kuisha saa mbili usiku, haina posho ya usiku. Nilijua. Posho hiyo ndiyo niliyokuwa nikiituma Tanga.

Nilimpigia mama siku ile ile mchana, nikamweleza kwamba kuanzia mwezi ujao fedha zitapungua na kwa sababu gani. Hakuuliza zitapungua kiasi gani. Aliniuliza kama sasa nitakuwa ninalala usiku, nikamjibu ndiyo, akanitaka nirudie kwa kuwa hakunisikia vizuri. Naye hakuweza kupaza sauti. Ilikuwa saa tisa kasorobo mchana, na baba alikuwa amelala.