Siku Moja Maishani Mwangu: Kusimulia Hadithi kwa Pikseli

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Ninaanza kazi kabla joto la Mombasa halijapanda, na jambo la kwanza ninalofanya ni kuucheza mchezo wetu tangu pale tulipoishia jana. Ni mchezo wa kuigiza mhusika, wenye vita vya zamu, unaosimulia habari za Mwanasha, mjukuu wa fundi wa mitepe, yaani vyombo vya kale vya baharini vilivyoshonwa kwa kamba, katika mji wa kubuni wa pwani ambao bahari imeanza kuudai mtaa baada ya mtaa. Tuko watatu: mmoja huandika programu, mmoja hutunga muziki, nami huchora na kuandika hadithi. Kwa hiari yetu tumejifunga na mipaka ya Super Famicom, mashine ya michezo ya video iliyotoka Japani mwaka 1990. Kwa hiyo picha yetu ina upana wa pikseli 256, yaani nukta ndogo zinazounda picha, na kimo cha pikseli 224, na seti ya rangi inayopaka umbo la mhusika haizidi rangi 15. Wapo wanaodhani kwamba tunatamani tu enzi zilizopita. Mimi naamini kwamba udogo huu unamlazimu msimulizi aamue ni kipi hadithi haiwezi kuishi bila yake.

Saa tatu asubuhi

Hapa ndipo sehemu kubwa ya siku yangu inapokwenda. Mhusika wetu ana upana wa pikseli 16 na kimo cha pikseli 24, sawa na wahusika wa Final Fantasy VI ya mwaka 1994, mchezo ambao Kazuko Shibuya alikuwa miongoni mwa wachoraji wake na ambao bado naurudia kama mwanafunzi anavyorudia kitabu cha mwalimu wake. Katika umbo la kiasi hicho uso hauna nafasi ya tabasamu wala ya midomo inayotetemeka. Wachoraji wale waliyapeleka maumivu ya moyo mwilini: mhusika huinamisha kichwa, huinua mkono, hufumba macho, hugeuka akatazama pembeni, na mchezaji hujaza yaliyobaki kwa hisia zake mwenyewe.

Leo nachora kuagana kwa Mwanasha na babu yake. Mzee anamkabidhi mjukuu kamba ya makumbi aliyoisokota kwa ajili ya kushonea mtepe, kisha anampa mgongo na kuikabili bahari. Fremu nne zinatosha kumgeuza, ila ugumu wote uko katika bega la kushoto, kwa kuwa kulishusha kwa pikseli moja tu ni kulishusha kwa sehemu ya ishirini na nne ya mwili mzima. Likishuka mbili, mzee anaonekana mgonjwa. Lisiposhuka kabisa, anaonekana amekasirika. Baada ya hapo huja suala la muda. Skrini hujichora upya mara 60 kwa sekunde, na mzee akiinamisha kichwa kwa robo ya sekunde mchezaji huona kama amesinzia, lakini akikaa hivyo kwa karibu sekunde moja ndipo huzuni inaposomeka.

Saa tano na nusu

Nahamia kwenye vigae vya mji, yaani vipande vya picha ninavyovipanga kuujenga. Kila kigae ni mraba wa pikseli 16, kwa hiyo skrini nzima hubeba vigae 16 kwa upana na 14 kwa kimo. Nyumba za mawe za Lamu na za miji mingine ya kale ya pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na vyumba vyake vilikuwa virefu na vyembamba kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ulikuwa na kikomo. Mjenzi aliufuata urefu wa boriti, nami naufuata upana wa kigae. Vidaka vya ukutani vinakubali kuchorwa kwa pikseli chache, lakini mlango wa kuchonga hauingii na nakshi zake zote, hivyo nimeuhifadhi mfaa wa katikati kwa rangi tatu na kuyaacha maua. Mtu wa pwani ataujua mlango huo kwa mfaa wake.

Saa saba mchana

Swala, chakula, na kuyapumzisha macho mbali na kioo.

Saa nane mchana

Alasiri ni ya maneno. Kisanduku chetu cha maongezi kina mistari mitatu ya herufi 28, na kila sentensi ya Babu lazima ikae humo bila kupoteza adabu ya mzee wa Kiswahili, ambaye hamtumi mjukuu kabla hajaiitikia shikamoo ya mjukuu huyo kwa marahaba.

Kuna kazi nyingine ambayo mchezaji hataiona, nayo ni ya upatanisho wa kisarufi. Njia ya kawaida ya michezo ya aina hii ni kuchukua jina la kitu, kulipachika ndani ya sentensi iliyokwisha kuandikwa, na kuongeza idadi. Kwetu haiwezekani, kwa kuwa kisu kimepotea, visu vimepotea, upanga umepotea na panga zimepotea. Kwa hiyo kila kitu kilicho katika mkoba wa Mwanasha kina safu tatu katika jedwali letu, yaani umoja, wingi na ngeli, na programu huchagua kiambishi cha kitenzi kabla ya herufi ya kwanza kuonekana. Nalishikilia jambo hili kwa moyo wote, kwani mtoto anayecheza kwa Kiswahili anastahili sentensi zilizonyooka.

Saa kumi na nusu

Mtunzi wetu analeta muziki wa bandarini. Mashine ile ilitoa sauti nane kwa wakati mmoja, na mawimbi peke yake yamechukua mbili. Tunakubaliana kwamba ngoma iondoke na udi ubaki.

Saa moja usiku

Binti wa kaka yangu anaucheza mchezo huku nikinyamaza kando yake. Anafika kwenye kuagana. Mzee anageuka, bega linashuka. Kabla kisanduku hakijafunguka ananiuliza, "Shangazi, kwani Babu analia?"

Sentensi iliyokuwa inafuata ni ya Babu mwenyewe, akimwambia Mwanasha aondoke asije akamwona akitokwa na machozi. Niliipenda sana, na imepangika vizuri katika mistari miwili. Nimeifuta, nikaweka sekunde mbili za kimya mahali pake, kisha nikamtumia mtunzi faili hilo ili kesho apime kama udi uendelee hapo au usubiri mpaka Mwanasha apige hatua ya kwanza.