Barabara ya Likasi, mimi kiti cha kushoto

Mwenzangu wa farmasi ameniuliza swali ambalo limenikaa kichwani wiki nzima: "Sasa mweye babili, munaikalaka pamoja siku gani?" Aliuliza kwa huruma, tena kwa sauti ya chini ili wateja wasisikie. Anajua mume wangu ni fundi wa mitambo kwenye mgodi huko Kolwezi, kwa zamu: wiki kadhaa kambini, siku chache nyumbani. Anajua pia kwamba siku hizo chache zikifika hatutulii. Tunakwenda Likasi kwa baba yake, tunakwenda Kipushi kwa mama yangu, na hapa Lubumbashi kuna matanga, kuna ubatizo, kuna shemeji anayebisha hodi saa mbili usiku na begi lake mgongoni. Kwa hesabu yake, mume nimeachiwa jina tu, mwenyewe ni wa ukoo.

"Tunakaa njiani," nilimjibu, kisha mama mmoja akaja na karatasi ya daktari na maneno yakaishia hapo. Leo umeme umekatika tangu mchana, shemeji mdogo yuko chuoni, simu yangu ina chaji. Nataka kulieleza jibu langu vizuri, maana nililitoa haraka lakini ni la kweli.

Kutoka hapa hadi Kolwezi ni kilomita kama 300. Zamani hata mtu akienda huko alikuwa bado ndani ya Katanga. Tangu 2015 mkoa uligawanywa, sisi tukawa Haut-Katanga na Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba. Nusu ya maisha yetu imelala upande wa pili wa mpaka wa mikoa. Jioni tunapigiana simu. Mtandao ukiwa mzuri, yeye amechoka. Akiwa na nguvu, mtandao unakatika. Umekula? Nimekula. Maji yametoka? Yametoka asubuhi. Mtoto wa jirani amepona? Amepona. Sidharau maneno hayo, yananilaza usingizi. Lakini mambo mazito hayapiti kwenye simu ya namna hiyo. Februari 2025, serikali iliposimamisha kobalti isiuzwe nje ya nchi, kila usiku nilitaka kumuuliza kama kazi yake itabaki, na kila usiku nilimsikia anavyopumua nikaliacha swali. Baadaye alinifafanulia kwamba kwao kobalti inatoka pamoja na shaba kwenye mawe yaleyale, na shaba iliendelea kuuzwa, kwa hiyo mitambo haikuzimwa. Ila hayo aliniambia tukiwa wapi? Tukiwa njiani, tunakwenda Likasi.

Gari letu ni Toyota ya zamani iliyotoka Japani na kushushwa Dar es Salaam, usukani uko kulia kama magari mengi ya huku kwetu, na sisi Kongo tunapita upande wa kulia wa barabara. Anayeijua hali hiyo anajua maana yake. Dereva akiwa nyuma ya lori, haoni kitu mbele isipokuwa lori. Anayeona ni mtu wa kiti cha kushoto. Na barabara ya Likasi ni ya malori: yanayoshuka yamebeba sahani za shaba zilizofungwa kwa mikanda ya chuma, yanaelekea mpaka wa Kasumbalesa, yanayopanda yamebeba asidi, chokaa na vipuri. Kwa hiyo mimi ndiye macho. "Bado. Bado. Kuna tangi linakuja. Bado. Sasa, pita." Naye anapita. Haulizi mara mbili, wala hachungulii kunihakiki. Tulipoanza safari hizi nilikuwa napiga kelele, mikono imeshika dashibodi. Siku hizi natamka neno moja kwa sauti ya kawaida na tunaendelea na mazungumzo palepale tulipoyaachia.

Kilomita 120, na mwendo wa malori ni wa pole. Hakuna shemeji kwenye kiti cha nyuma, hakuna jirani anayeomba chumvi, redio ilikufa na hatujaitengeneza. Ndipo tunapokuwa wawili. Kodi ya nyumba yetu ya Bel-Air tuliizungumza pale, na ule uamuzi wa kumchukua mdogo wake akae nasi ili asome Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Suala la mtoto pia tulilizungumza pale, na hilo lilikuwa gumu. Ndugu wa pande zote mbili walikuwa wameanza kunitazama tumbo kabla ya kunitazama uso. Shangazi mmoja aliniuliza mbele ya watu kama mimi ni bibi arusi au ni mpangaji. Nilimeza. Nilimwambia mume wangu tulipokuwa tumepita peaji, pale malori yanapopanga foleni ya kulipa. Hakujibu mara moja. Akasimamisha gari kando, kwenye wauza makala, yaani mkaa, akazima injini. Akasema atakayeuliza tena, ajibiwe na yeye. Na kweli, mlangoni kwa baba yake shangazi yule alipoanza tena, alimwambia kwa upole: "Mama, hilo ni letu sisi wawili, tukiwa na habari utakuwa wa kwanza." Tangu siku hiyo hajauliza tena. Mimi nilijua thamani ya mtu niliyeolewa naye, na nisingeijua kwenye kochi letu Lubumbashi.

Mvua za kwanza zikinyesha, kando ya barabara hiyo watoto hunyanyua uyoga wa kichuguu, mpana kuliko sinia. Tunanunua mmoja tu, unatosha nyumba nzima ya baba mkwe. Asali pia, kwenye chupa za soda, lakini hiyo lazima uionje kwanza.

Baba mkwe alifanya kazi kwenye viwanda vya shaba vya Shituru, hapo Likasi, tangu ujana. Aliondoka kazini 2003, mwaka ule maelfu ya wafanyakazi wa migodi walipoondoka kwa kile kilichoitwa hiari. Sasa ana bustani ya mchicha na mahindi nyuma ya nyumba, na hasemi sana. Tukifika, anamsalimu mwanawe kwa kumkabidhi kazi: bawaba ya mlango imelegea, pampu inavuja, bati limenyanyuka. Wanaume wawili wanainama juu ya pampu saa nzima, utawasikia wakisema "spana" na "shika hapa", basi. Zamani ukimya wa mume wangu ulikuwa ukinisumbua. Siku ya kwanza akitoka kambini nilidhani amenichoka. Nilipomwona na baba yake nilielewa kwamba kwao ukimya ni namna ya kukaa na mtu, siyo ya kumkimbia. Nani angenifundisha hilo kwa maneno?

Mama mkwe ndiye anayesema. Ananivuta jikoni, tunasonga bukari pamoja, sombe ya majani ya muhogo imeshachemka tangu asubuhi. Yeye ameishi na mwanamume wa zamu maisha yake yote, zamu ya usiku, zamu ya alfajiri, watoto wakifundishwa kutembea kwa vidole mchana baba akilala. Anasimulia kwamba mume wangu alipokuwa mdogo alikuwa akimngoja baba yake njia panda na chupa ya maji, na baba akichelewa hakulia, alimwaga maji akarudi nyumbani akiwa amenuna. Ndiyo maana, nadhani, siku ya kuondoka anapanda basi la kampuni bila kugeuka. Siku moja mama aliniambia, huku anapangusa mwiko: "Mwanangu, matatizo usimpe siku ya kwanza, bado mwili wake uko kazini. Na siku ya mwisho usimpe, ataondoka nayo. Mupe katikati." Nimeolewa katika nyumba yenye akili. Nalisema bila aibu.

Kipushi ni karibu, kilomita 30 hivi, na njia yake haitoshi hata kumaliza habari moja. Huko mambo yalianza tofauti. Mama yangu ni Mubemba, na kwao mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe wake mpaka aonyeshwe moto, yaani apikiwe na kufunuliwa vyakula vya ukweni kwa sherehe. Mume wangu ni Muluba wa Likasi, hakukulia hayo. Mwanzoni aliketi chumba cha mbele na wajomba zangu, sahani inapitishwa na mtoto, mama yangu yuko uani, kila mmoja anamheshimu mwenzake kupitia ukuta. Kuna watu wa rika letu wanaosema mila hizi zimepitwa na wakati. Mimi nilikuwa mmojawapo kimoyomoyo, hadi siku ile shangazi zangu walipokuja na sufuria. Waliamka usiku kupika. Kuku hakukatwa ovyo, kila kipande kilikuwa na mahali pake. Kulikuwa na uyoga, viwavi vya kukaanga, tshikanda ya mizizi ya porini, maharage, dagaa wa kapenta, na kila sufuria ilifunuliwa mbele yake, akaelezwa: hiki kwetu kinaliwa, hiki kinapikwa hivi, ukija na njaa omba hiki. Mama akaketi upande wa pili wa mkeka. Mume wangu aliyezoea kula kwa haraka kama watu wa kambini alikula polepole, akainua macho, akasema "wafwako, mama" kwa Kiluba chao, na wanawake wakapiga vigelegele. Tangu hapo anaingia jikoni kwa mama yangu na kufunua sufuria mwenyewe.

Sasa hao wawili wana mazungumzo yao. Mgodi wa Kipushi ulisimama 1993, na mama yangu alitulea kwa nyanya na kapenta sokoni katika mji ambao filimbi yake ilikuwa imenyamaza. Zinki ilipoanza kutoka tena 2024, vijana wa mtaani wakaonekana na makoti yenye mistari inayong'aa, mama akawa anamuuliza mkwe wake maswali ya kila aina: kiwanda kinatenganishaje, watu chini wanapata wapi hewa, kwa nini wengine wanaajiriwa miezi mitatu tu. Anamjibu kwa kuchora mavumbini kwa kijiti. Baba yangu hayupo tena. Nikiwaona wameinama juu ya mchoro ule nakwenda kuchota maji hata kama ndoo imejaa.

Siyo kila safari ni ya kheri, na hatuendi kila tunakoitwa. Kuna michango isiyokwisha, kuna vikao vya ukoo vinavyoanza saa nne na kuisha bila neno la maana, na petroli haichukuliwi bure. Kwa ndugu wa mbali tunatuma pesa kwa simu na hilo linatosha. Ila kwa wazee wale wawili wa Likasi na yule mmoja wa Kipushi, tulikubaliana pesa isitangulie miguu. Naona vijana wa kazi nzuri hapa mjini, wanatuma kila mwisho wa mwezi, tena kiasi kizuri, na mama zao wanazihesabu noti mbele ya wakala halafu wanarudi kula peke yao. Sikubaliani nalo. Mzee anahitaji dawa ya presha, kweli, na mimi ndiye ninayempelekea baba mkwe ya kwake. Lakini bawaba ya mlango hairekebishwi na ujumbe wa simu.

Kuna jambo jingine, na ndilo hasa lililonifanya niandike usiku huu. Farmasi moja ya Kolwezi inatafuta mtu, na nafasi hiyo wamenipa mimi. Mshahara ni afadhali kuliko huu. Ningekuwa mji mmoja na mume wangu. Kampuni inawaruhusu wenye familia pale kulala nyumbani. Tusingeachana tena kwa wiki. Likasi ingebaki katikati, tena Kolwezi na Likasi hazizidi kilomita 200. Lakini Kipushi ingekuwa mbali, mama yangu ana magoti mabaya, na mimi ndiye binti pekee aliyebaki karibu. Na shemeji mdogo bado ana miaka ya chuo. Nimeigeuza mchana na usiku. Kila nikiitazama upande mmoja nafurahi, kila nikiitazama upande wa pili nasikia uzito kifuani. Nikisema nitakwenda, naona uso wa mama. Nikisema nitabaki, nawaza usiku wa kambini na yule mtu anayepumua kwenye simu.

Wanataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Yeye anarudi Alhamisi. Alhamisi atalala, sitamwambia. Jumamosi tunapanda Likasi, baba anataka paa la jiko lizibwe kabla mvua hazijashika. Dawa zake nimeshaziweka kwenye mfuko, na mafuta ya gari tutajaza Ijumaa jioni ili tuwahi kutoka kabla ya malori. Tukishapita peaji nitamwambia.