Nilivyopima kaboni ya vijito viwili theluji ikiyeyuka

Ukiwaambia watu unasomea kaboni ya nchi za baridi, wengi wanawaza Siberia na ardhi yake iliyoganda. Hawajakosea. Udongo ulioganda wa kaskazini umehifadhi kaboni karibu mara mbili ya iliyomo angani, na mito kama Lena, Yenisei na Mackenzie humwaga sehemu yake Bahari ya Aktiki kila mwaka. Ila mimi nilifanyia kazi mahali ambapo ardhi haibaki imeganda mwaka mzima: bonde la Krycklan, karibu na Vindeln, kaskazini mwa Uswidi. Ni eneo la kilomita za mraba 68 hivi, misonobari na misprusi kila upande, na vinamasi vimetawanyika katikati. Watafiti wamelipima kwa miongo kadhaa, kwa hiyo mgeni unakuta vituo vya vipimo vipo tayari. Kinachobaki ni kufika.

Kazi yangu ilikuwa vijito viwili, kimoja kinachotoka msituni na kingine kinachotoka kinamasini. Nilitakiwa kujua kila kimoja kinabeba kaboni kiasi gani wakati wa kuyeyuka kwa theluji. Kule theluji hulala chini karibu nusu ya mwaka. Kuanzia mwishoni mwa Aprili inaachia, na ndani ya wiki chache inaweza kupita karibu nusu ya maji ya mwaka mzima. Ukizikosa wiki hizo, hata uchote maji kila siku kuanzia Juni, hesabu yako ya mwaka haitasimama.

Kilichonisumbua mwanzoni ni mwendo, wala si kemia. Usiku joto hushuka chini ya sifuri, na asubuhi uso wa theluji unakuwa mgumu, unatembea juu yake bila wasiwasi. Ikifika saa saba mchana jua limeulainisha, kila hatua unadidimia hadi mapajani. Lakini kijito nacho kina saa zake: joto la mchana ndilo linaloyeyusha, kwa hiyo maji hujaa kuanzia alasiri hadi jioni. Yaani wakati mzuri wa kutembea si wakati mzuri wa kupima. Nilipoona hivyo nikaacha kushindana na theluji. Nilikuwa naingia alfajiri na chakula changu, nachota maji ya asubuhi, nashinda hukohuko, nachota tena jioni, kisha natoka usiku uso ukishaanza kuganda upya. Kaskazini vile mwezi wa Mei giza linachelewa, kwa hiyo hata tochi sikuitumia sana.

Uchotaji wenyewe una adabu yake. Chupa unaisuuza kwa maji ya kijito kilekile mara kadhaa, unaizamisha mdomo ukielekea maji yanakotoka, unaijaza mpaka pomoni, unafunga. Halafu ilinde isigande, maana barafu huvuruga kilichoyeyuka ndani yake. Mimi nilizifunga kwenye sweta ndani ya begi. Maabara maji yanapita kwenye kichujio cha matundu ya mikromita 0.45, yaani chini ya elfu moja ya milimita. Kinachopita ndicho tunachokihesabu kuwa kaboni iliyoyeyuka. Baadaye yanatiwa asidi kidogo kufukuza kaboni isiyotokana na viumbe, ndipo mashine inachoma iliyobaki na kupima hewa ukaa inayotoka.

Kuna kitu ambacho jicho lilikiona kabla ya mashine. Wakati wa baridi maji ya kinamasi yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, ya msituni mepesi zaidi. Theluji ilipoanza kuyeyuka mambo yakageuka: kijito cha msituni kikakoza rangi, cha kinamasi kikapauka. Nilizipanga chupa dirishani kwa tarehe, nikazitazama muda mrefu.

Sababu iko chini ya miguu. Msituni, maji ya theluji yanazama ardhini na kuinua kina cha maji yaliyokuwemo. Kandokando ya kijito tabaka la juu limejaa mboji ya miaka na miaka, na maji yanapopanda kulifikia yanaikomba kaboni na kuingia nayo kijitoni. Kinamasini uso wenyewe umeganda, kwa hiyo theluji inayoyeyuka inateleza juu ya barafu hadi kijitoni bila kuigusa mboji iliyo chini. Maji yanakuwa mengi, kaboni kwa kila lita inapungua.

Kwa hiyo mkusanyiko, yaani kaboni kwa kila lita, peke yake unadanganya. Lazima uuzidishe kwa wingi wa maji. Pasipo na kizuizi cha kupimia wingi wa maji kijitoni tulitumia chumvi: unayeyusha uzito unaoujua kwenye ndoo, unaumwaga upande wa juu wa kijito, na mwenzako aliye upande wa chini anasoma jinsi maji yanavyopitisha umeme hadi chumvi yote ipite. Ikipita haraka na kufifia sana, maji ni mengi. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo kizuri kuliko vyote vya kule, na hakihitaji fedha nyingi.

Hesabu ilipokamilika, hata kijito kilichopauka kilikuwa kimetoa kaboni nyingi katika zile wiki, kwa sababu ya maji tu. Kaboni hiyo inaelekea mto Vindelälven, kisha mto Umeälven, mwisho Ghuba ya Bothnia. Haifiki yote. Bakteria huila sehemu yake na kuitoa kama hewa ukaa, na maji ya vijito vidogo huwa yameshatoka ardhini na hewa hiyo kwa wingi, nayo hupotea upesi pale maji yanapovurugika kwenye mawe. Ukitaka kuipima hiyo, chupa zangu hazitakufaa: inabidi uchote kwa bomba la sindano chini ya uso wa maji, kisiingie hata kiputo kimoja cha hewa, na ulifunge kabla hujalitoa majini.