Ncha ya pili ya mkaja

Mwanangu wa kwanza alikuwa na siku tisa. Ilikuwa masika ya 2007, mvua imekatika asubuhi ile, na Bibi alikuwa ameshanikanda kwa maji ya moto, ameshanichua tumbo kwa mafuta ya nazi, sasa ananifunga mkaja, ile kanga ya kukaza tumbo la mzazi. Mkaja unataka watu wawili. Mama alikuwa uani anakoroga uji, na Bibi mikono yake ilishachoka. Akivuta huku, kule kunalegea. Ndipo tukasikia hodi.

Alikuwa Ba. Kwa Kigujarati ba ni mama, na mtaa wetu wote pale Ngamiani ulimwita hivyo. Alizaliwa Tanga, akazeekea Tanga, nyuma ya meza ya duka la vitambaa ambako Bibi alinunua kanga zake zote. Miaka yote hiyo walizungumza bei tu. Kwetu hakuwahi kuingia.

Akaliweka bati alilokuja nalo chini, akavua kandambili, akapandisha sari kidogo, akapanda kitandani na kuishika ile ncha ya pili.

"Anzia chini, dada. Kwenye nyonga."

"Ndiko ninakoanzia," Bibi akajibu.

Wakavuta. Mgongo wangu, ambao tangu uchungu unishike ulikuwa kama si wangu, ukakaa mahali pake. Walipofika kwenye mbavu Bibi akapenyeza vidole viwili kati ya kanga na ngozi, akaniambia nivute pumzi. Ba naye akapenyeza vyake upande wa pili. Nikavuta pumzi, vidole vikapita, wakafunga fundo.

"Tumbo likiachwa tupu upepo unaingia," Bibi akasema, kama anavyosema kila siku.

Ba akamtazama. "Sisi tunauita vayu. Mama yangu alinifunga hivihivi, mwezi na robo sikutoka nje."

"Mwezi na robo si arubaini hiyo?"

Wakaanza kuulizana, mimi nimesahaulika katikati yao. Baada ya miaka mingi nilikuja kusoma kwamba Charaka Samhita, kitabu cha kale mno cha tiba ya Ayurveda, kinaagiza mzazi apewe samli au mafuta yenye pilipili ndefu na tangawizi kavu, tumbo lipakwe mafuta na lifungwe kwa kitambaa kikubwa ili upepo usipate nafasi, kisha anywe uji mwepesi wa mchele wenye viungo hivyohivyo. Niliposoma hayo nilisikia mwiko wa Mama ukigonga sufuria kule uani, maana uji aliokuwa akiukoroga asubuhi ile ulikuwa wa mchele na pilipili manga. Hata neno lenyewe, pilipili, asili yake ni pippali ya Kisanskriti, likatufikia kwa Waajemi na Waarabu. Bibi angelijua hilo asingeshangaa hata kidogo.

Ba akafungua bati. Ndani mlikuwa na ladu, vitamu vya mviringo, kubwa kama limau, zinang'aa samli. Akanieleza zilivyotengenezwa, taratibu, kana kwamba ananikabidhi kitu. Uwatu uliosagwa unalowekwa kwenye maziwa ili uchungu upungue, halafu unakaangwa kwa samli pamoja na unga wa ngano. Gundi ya mgunga inatupwa kwenye samli ya moto mpaka ifure kama bisi, inapondwa. Halafu lozi, nazi kavu, tangawizi ya unga, iliki, na sukari guru iliyoyeyushwa ya kushikamanisha. Kabla hajanipa aliniuliza kama nina kisukari, kwa kuwa uwatu hushusha sukari mwilini. Moja kila asubuhi, na maziwa ya moto.

Nilimega. Utamu ulitangulia, uchungu ukaja nyuma na kukaa kooni. Tangu nijifungue chakula kilikuwa kinanishinda, ile niliimaliza. Sidai kwamba uwatu ndio ulioniletea maziwa, maana mtoto alinyonya usiku kucha na kunyonya ndiko kunakoyaita. Vidonge vya damu nilivyopewa kliniki pia sikuviacha. Lakini nilikula, na niliona watu wamekaa wanangoja nile.

Kisha Ba akatoa kichupa cha asali, akachovya ncha ya kidole, akamwinamia mtoto. Moyo ukanipasuka. Muuguzi alikuwa ametukanya wazi: asali hapana mpaka mtoto atimize mwaka, inaweza kumpa sumu, na kwa miezi 6 maziwa ya mama peke yake. Lakini namkatazaje mtu mzima aliyetoka kunifunga mkaja?

"Ba, nisamehe. Kliniki wamekataa."

Kidole kikasimama hewani. Bibi akainamisha macho, na yeye alishanigombeza kwa jambo hilohilo siku ya tatu. Ba akakigeuza kile kidole, akakileta mdomoni kwangu.

"Basi ya mama," akasema. Nikailamba. Machozi yakanitoka, nikayaacha.

Jikoni kuku alikuwa anachemka, na Ba hali nyama wala hatumii sufuria iliyopikiwa nyama. Bibi alilitambua hilo bila kuambiwa. Akamtuma mtoto wa jirani akalete dafu, akalikata yeye mwenyewe kwa panga, akampa mgeni wake anywe humohumo.

Kwetu chombo hakirudi kitupu. Siku ya arubaini nilimtoa mwanangu nje, na nyumba ya kwanza tuliyoingia ni duka la vitambaa. Bibi alikuwa amelijaza lile bati pilipili manga kutoka Muheza, amezianika na kuzipepeta mwenyewe. Ba akafungua, akanusa, akatia punje moja mdomoni na kuitafuna polepole, macho amefumba. Kisha akainua ubao wa meza, akamwambia Bibi apite ndani.