Jina Litakuja la Mdogo Wangu

Mwaka 2022 nilikuwa na meza ya ufundi simu jirani na soko la Majengo, Dodoma. Mchana mmoja mweka hazina wa kikundi cha kina mama wa sokoni alikuja mbio, anasema WhatsApp imemtoa na haimrudishi. Kabla sijaishika simu, ikaita. Mwanakikundi mwenzake alikuwa anauliza kama hela yake imefika. Hela gani?

Kikundi chenyewe kilikuwa makini kuliko ofisi nyingi. Sanduku la chuma lilikuwa na kufuli tatu, funguo zinashikwa na kina mama watatu wasiokaa mtaa mmoja. Hisa shilingi 5,000, mwisho hisa tano kwa kikao, na kila hisa inagongewa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama mbele ya wote. Ila waliosafiri kufuata mahindi Kibaigwa waliruhusiwa kutuma kwa simu, na simu haina mashahidi.

Asubuhi ile alikuwa ameandikiwa na shoga yake wa kikundi hichohicho: "Kuna namba zangu zimekuja kwako kimakosa, nirushie haraka." Kweli, SMS ya tarakimu sita ilikuwepo. Iliandikwa kwa Kiingereza na ilikataza kumpa mtu yeyote, lakini yeye aliona tarakimu tu, akazirusha. Hizo ndizo WhatsApp hutuma mtu anapotaka kuifungua namba yako kwenye simu nyingine. Akiziingiza, akaunti inahamia kwake na simu yako inatolewa.

Majirani zangu wa meza walimcheka. Hawakuwa na haki. Aliyemwandikia hakuwa mgeni: picha ni ya shoga yake, jina lake, na juu yake mazungumzo yao ya miezi yote yapo palepale. Shoga mwenyewe alikuwa ameshanyang'anywa akaunti siku za nyuma. Alidhani simu imekufa, akaiweka kabatini mpaka apate hela ya fundi. Muda wote huo tapeli alikuwa amekaa ndani ya kundi la WhatsApp, kimya, anasoma. Akaunti ikihamishiwa simu nyingine kwa njia hiyo ujumbe wa zamani hauendi nayo, lakini makundi hubaki, na kila kinachoandikwa kuanzia hapo anakiona. Kwa hiyo alijua siku ya kikao, nani anapokea hela, nani yuko safarini, na kina mama wanavyosalimiana kwa Kigogo.

Ujumbe aliouandika kwa jina la mweka hazina niliusoma kwenye simu ya katibu: "Jamani mbukwenyi. Laini ya kikundi imegoma kupokea. Michango ya leo tumeni namba hii, jina litakuja la mdogo wangu. Iwe kabla ya saa kumi, mwenzetu yuko hospitali anasubiri mkopo. Msinipigie, niko kwenye daladala sisikii."

Zile SMS za "ile hela tuma kwenye namba hii" hutupwa kwa watu wengi ovyo, anayenasa anase. Hii ilikuwa kazi ya mtu aliyekaa chini akafikiri. Unapotuma hela, kabla ya kuweka namba ya siri, skrini inakuonyesha jina la mpokeaji, na hapo ndipo wengi hushtuka. Yeye alilitaja mapema, kwa hiyo jina geni lilipotokea, kina mama waliona ndilo waliloambiwa. Saa kumi iliwanyima muda wa kuulizana. Daladala ikazuia simu. Mmoja aliyetilia shaka akaandika kundini, akatolewa papo hapo, maana akaunti ya mweka hazina ilikuwa admini.

Katibu akaanza kuwapigia wanachama mmoja mmoja kwa simu ya kawaida. Mimi nikaingiza upya namba ya mama kwenye WhatsApp. Tarakimu hazikuja mara moja. Zikiombwa mara nyingi mfululizo, WhatsApp hukusubirisha, na tapeli alikuwa amejaribu kutuchelewesha kwa njia hiyo. Zilipokuja zikakubaliwa, lakini ikadaiwa PIN ambayo tapeli ndiye aliyeiweka. Mama akaanza kulia. Nikamwambia asilie bado: tarakimu za SMS zikishakubaliwa, mwizi naye anatoka. PIN hiyo humfungia mwenye namba siku 7, kisha anaingia bila kuulizwa.

Kwenye hela hatukubahatika hivyo. Kila aliyetuma alipiga 100, huduma kwa wateja, kwa laini ileile iliyotuma, akasoma namba ya muamala. Hela iliyobaki kwenye akaunti ya mpokeaji inaweza kuzuiwa, iliyotolewa kwa wakala imekwenda. Aliyeokoka ni yule aliyetuma mwisho. Namba ya tapeli tukaituma 15040, namba ya kuripoti matapeli, kisha mweka hazina akaenda polisi kuchukua RB, namba ya taarifa iliyoandikishwa.

Jina lililotokea halikuwa la kubuni. Alikuwa mzee wa kijijini aliyesajili laini mnadani, chini ya mwavuli, kwa kijana aliyemwambia, "Kidole hakijasoma baba, weka tena." Kidole kilikuwa kimesoma. Cha pili kilisajili laini nyingine kwa namba yake ya NIDA, ikauzwa. Alipopigiwa *106# kuona laini zilizo kwa jina lake, zilitokea tatu, na yeye ana kitochi kimoja.

Ugomvi wa kikao uliofuata nilisimuliwa na katibu. Waliotuma walidai wamelipa: wameambiwa na simu ya mweka hazina, wagongewe mihuri. Wengine wakasema hela haikuingia sandukuni, muhuri hauna cha kugongea. Ikapendekezwa mfuko wa jamii ubebe nusu, lakini mfuko ule ni wa misiba na magonjwa, na kura zikakataa. Wawili kati ya waliotuma waliomba hisa zao za nyuma, wakahesabiwa, wakaondoka.